Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
ndivyo tulivyofunzwa.
Hatukuambiwa kwamba jembe lina fomu,
fomu ina kurasa kumi na moja,
na kila ukurasa kuuchapa hapa kwangu ni shilingi kumi,
ishirini ukitaka rangi.

Kibanda changu kiko nyuma ya Posta.
Kompyuta mbili, moja huzimika mvua ikinyesha.
Nikisimama mlangoni naliona lile jengo refu la haradali,
foleni imelizunguka kama kamba kiunoni.

Jumatatu aliingia Nakijwa Mbwambo,
msusi wa Soko la Kenyatta, mzaliwa wa Usangi,
pasipoti kaifunga kwa leso kama yai.
Miaka minne ya mihuri imejazana humo:
siku zikikaribia kwisha hupanda basi hadi Taveta,
huvuka, hunywa uji upande wa pili,
hugeuka, huingia tena, mgeni mpya,
mikono ikinuka mafuta yale yale ya nywele.

"Nimechoka kuwa mgeni mpya," alisema. "Jaza."

Nikauliza kama fomu inavyouliza.
Kazi?
Kusuka.
Ujuzi ulipatikana wapi?
Kichwani mwa dada yangu.
(Nikaandika: mafunzo ya nyumbani.)
Je, hakuna Mkenya awezaye kuifanya kazi hii?

Hapo alinyamaza.
Nje kanjo walikuwa wakimkimbiza muuza soksi,
soksi moja ya bluu ikabaki kizingitini pangu,
nayo haikuwa na mwenzake.

"Wapo," akasema. "Wapo tele.
Wanjugu wa kiti cha kushoto ananishinda wepesi wa mkono,
sitamsema uongo kwa sababu ya karatasi.
Ila andika hivi: kuna vichwa vinavyonisubiri mimi."

Kisanduku kinakubali herufi mia tu.
Nikazihesabu. Zikatosha, na nafasi ikabaki.

Alhamisi alirudi, sijui akicheka sijui akilia.
Mashine ya alama za vidole ilikuwa imemkana.
Gumba, hakisomeki.
Cha shahada, hakisomeki.
Cha kati, cha pete, mkono wa pili, hivyo hivyo.
Afande akapangusa kioo kwa ncha ya tai,
akasema bonyeza, akasema usibonyeze sana,
akasema paka mate.
Kioo kikabaki cheupe kama sahani iliyorambwa.
Uzi, na maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta,
vilikuwa vimekula kila mstari aliozaliwa nao.

"Mama, kwani unafanya kazi gani?"
"Hiyo hiyo ninayoiombea ruhusa."

Watu wa nyuma walianza kusonya.
Ndipo akajaribu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto,
kile kisichogusa nywele,
kinachokaa pembeni kimeinuka
kama cha bwana mkubwa anayekunywa chai
wenzake tisa wakihangaika.
Kikasomeka. Mistari yote ipo,
mibichi, imejipinda vizuri, kama ya mtoto mchanga.

Basi mvivu ndiye aliyetumwa
kwenda kuwaombea wengine kazi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Nakijwa akasema,
"lakini leo kimevunja foleni."
Wamemwambia arudi baada ya wiki sita.
Hawakusema arudi kuchukua nini.

Nikamchapia risiti, sikumtoza.
Akaitazama kibodi yangu:
herufi A imefutika kabisa, na E inafuatia,
zimebaki vibonye vitupu vinavyong'aa.
"Sasa unaandikaje?"
"Kidole kinajua ilipo."

Akanishika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango,
akakitazama kitambo,
kisha akaniuliza kama mimi ni mtu wa hapa.
Nikamwambia ndiyo.
Nikamwambia mama yangu alitoka Busia, upande ule mwingine.
Akaiokota ile soksi, akaitundika kwenye kitasa,
akaenda zake kazini.