Kilomita za Cherehani

Miaka thelathini na mmoja nimekanyaga,
soko la Luanda, kibaraza cha pili kutoka kwenye kinu,
kanyagio la chuma likipanda, likishuka,
na sijafika popote.
Indeche wa baiskeli alinipigia hesabu siku moja ya mvua:
"Fundi Ayuma, ungekuwa na magurudumu
ungeshafika Misri, ukarudi."
Nilicheka, uzi ukakatika.

Kila Mei nawashonea mahujaji wa parokia:
vizibao vya njano, mifuko ya turubai yenye kamba mbili.
Nawapima, nawalipisha, nawapungia mkono
wakishika barabara ya Busia kwenda Namugongo,
kisha narudi kukanyaga.

Mwaka huu nilimwambia Mmbone, mwanagenzi wangu:
"Chukua futi. Nipime mimi."
Alisita. Hakuna aliyewahi kunizungushia utepe.
Kifua, arubaini na mbili.
Kiuno nilimwambia asiandike.

Saa kumi alfajiri najifunza kutembea.
Luanda hadi Maseno, hadi kwenye alama ya ikweta,
naigusa, narudi kabla jiko la jirani halijawaka.
Mguu wa kulia, bingwa wa kanyagio, unataka kutangulia daima;
wa kushoto unauliza tunakwenda wapi.
Naipaka yote miwili samli,
nalala nimeiinua juu ya gunia la vipande vya vitambaa,
na usingizini bado inakanyaga.

Habari imeenea. Wateja hawaleti tena vitambaa tu.
Naandika haja zao katika daftari lile lile la vipimo,
maana sina jingine:
Suruali, thelathini na nne; mdogo wake aache chang'aa.
Gauni la kitenge, mikono mifupi; figo.
Mwalimu Osundwa, koti. Yeye hakusema lolote,
aliweka shilingi hamsini mezani, akatazama nje.
Nimeandika: koti, kimya.

Jana katekista alikuja na mizani ya kinu.
Mzigo usizidi kilo tano.
Kitambulisho, kadi ya chanjo, rozari, chumvi,
leso mbili, sindano ya kutumbulia malengelenge, sufuria ndogo.
Kilo tano na robo.
"Toa kitu, mama."
Nikatoa sufuria.
"Na hii?" Ameshika futi yangu, tarakimu zimefifia.
"Huko utampima nani?"
Nikamjibu fundi haachi futi yake,
kama padre asivyoacha stola.
Akaridhika, au alichoka.

Sikumwonyesha ukurasa wa mwisho wa daftari la zamani:
Shati jeupe. Mabega kumi na saba, mkono ishirini na tatu.
La kijana aliyevuka Busia kutafuta kibarua,
akasema atarudi Ijumaa kulichukua.
Limening'inia msumarini masika tisa.
Nililifua mara mbili, kwa ajili ya vumbi la unga.
Atakuwa amepanuka mabega.
Au amekonda.

Mashahidi watanisamehe. Nakwenda kwao, kweli nakwenda,
magoti nitapiga, haja za watu nitazisoma moja moja,
hata ile ya kimya.
Ila njiani, Iganga, Jinja, popote penye watu,
macho nitayaacha yatazame mabega.

Kesho kutwa tunaondoka.
Cherehani nimeitia mafuta, nimelegeza mkanda,
nimeifunika shuka kama mgonjwa aliyepata usingizi.
Mmbone ana ufunguo.

Mguu wa kushoto haujauliza tena.