Nimekuachia Kikombe

Dama, ufunguo uko kwa Mpemba wa duka la chini.
Naenda Kaloleni kumzika mjomba.
Siku nne, Bi Batuli ni wako.

Hatakwambia ana kiu.
Kiu yake imezeeka kabla yake,
imelala pembeni kama paka wa Kibokoni
asiyeamka hata samaki wakipita.
Ukimuuliza, "Bi, nikupe maji?"
atasema, "N'shakunwa,"
na jagi limejaa vile vile ulivyoliacha alfajiri.

Basi usimuulize. Mpe.
Bilauri kubwa inamtisha,
ni kama umemwambia ameze bandari nzima.
Mpe kwa kikombe cha kahawa, kile kisicho na mkono,
chenye ua jekundu lililofutika nusu.
Adhana ikilia, kikombe.
Muuza mbaazi akipita, kikombe.
Vidonge vya presha, viwili.
Na yawe maji matamu, ya mkokoteni wa Karisa;
ya kisimani atayajua hata ukiyachemsha na iliki.

Kaskazi hii, mabati yakianza kulia kwa joto,
mwangalie midomo.
Mfinye ngozi ya mkono taratibu,
kama unayejaribu kitambaa dukani:
ikikawia kurudi, nawe umekawia.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, aliniita Rukia.
Rukia ni dadake, amelala Kikowani miaka thelathini.
Watu wakasema uzee. Jirani akamwandikia kombe,
akanywa sahani nzima ya zafarani, na ya pili,
na ya tatu. Asubuhi akanijua kwa jina.
Dua sina neno nayo.
Nasema tu, ndani ya dua mlikuwa na maji.
Lakini wewe ukimwona anapotea hivyo, usingoje kombe,
wala usiningoje mimi. Ita tuktuk, mpelekeni hospitali.

Nilimgombeza wiki nzima kabla sijajua.
Usiku mmoja nikamsikia akihesabu gizani:
ngazi kumi na nne hadi chooni,
na Athmani, mwanawe, hulala sebuleni, mlango wazi.
Maji hayakuwa na kosa, Dama.
Alichoogopa ni kupita mbele ya mtoto aliyemzaa
nguo imelowa.

Ndoo yenye kifuniko iko nyuma ya pazia.
Pazia ni leso yangu kuukuu, usilicheke.
Usitaje choo. Sema, "Bi, pazia lako,"
kisha utazame dirishani mpaka akohoe.
Ukienda kumwaga, angalia rangi:
kama maji ya ndimu, shukuru;
kama chai ya mkandaa, rudi kwenye kikombe,
mkatie na tikiti, mkorogee uji uwe mwepesi.

Na jioni akikataa kabisa,
jimiminie chako. Kaa. Kunywa polepole,
usimtazame.
Nyumba ile mgeni hajawahi kunywa peke yake.
Atanyoosha mkono mwenyewe
na atakugombeza: "Na mimi je?
Au mwataka nife kwa kiu?"