Mkono wa Birika

Kitakoni herufi tatu za Kizungu, si zetu.
Bi Zuwena alizisugua kwa majivu hadi akafa;
hazikufutika.

Yeye akisema: Mmerekani wa Shangani aliliweka rehani
kwa frasila sita za karafuu, asirudi.
Shangazi Thuraya: uongo, la mnadani hilo.

Leo Matrah sonara kalipima,
kagonga kwa ukucha, kavua miwani.
"Fedha ya kwao, safi. Ila mkono si wake.
Wa kwanza ulikuwa mti. Hili ni furungu,
limekunjuliwa, limechomewa. Nakshi ile pale."

Picha zote za Bibi,
mguu wa kushoto mtupu.

Nikamwambia siuzi.
Nyumbani nikatia chai ya zaatari,
nikalishika mkono, bila kitambaa,
ukaniunguza.