Niwashie Uzi Mmoja

Sikuwa na futi. Sebule niliipima kwa kamba ya mbuzi,
fundo kila kona, na fundo dogo la ziada
pale ukuta ulipopinda,
ingawa fundi Wadri aliapa haujapinda.
Kamba nikaitia mkobani, nikaenda Kampala.

Dukani kijana akanikunjulia zulia la simba wawili,
manyoya yakimeta kama paka aliyetoka kulambwa.
"Mama, hili halifi.
Maji hayaliwezi, jua halilichoshi,
wajukuu wako watalirithi."
Nikamwambia, kitu kisichokufa kinanitisha.
Nyofoa uzi mmoja hapo pindoni, uniwashie.

Akacheka. Akaona sicheki.
Kiberiti nilikuwa nacho.
Uzi ukajikunja, ukapiga chafya, ukawa tone jeusi,
ukanuka dumu lililosahaulika karibu na jiko.
Tone lile likaniganda kwenye ukucha.
Na Sebit wangu hulala kifudifudi,
pua sakafuni, akihesabu sisimizi.

Akaleta katani.
Uzi wake uliwaka kama nyasi ya kiangazi,
majivu nikayapuliza, yakaenda zake.
Lakini nilipiga magoti juu yake palepale,
wateja wakitazama, nikatambaa hatua mbili kama mtoto mchanga.
Magoti yakatoka na chapa nyekundu.
Katani ni ya mlangoni,
kazi yake kukemea viatu.

Sufi nayo ilikuwa laini, ikinuka kondoo aliyenyeshewa.
Nikaikumbuka Aprili yetu ya Bombo,
shuka wiki nzima kambani na bado mbichi.
Nikairudisha kwa heshima.
Bei yake pia iliniomba niirudishe.

Jioni nilikuwa uani kwa Hajati Kaltuma,
nyumba ya nne kutoka kwangu.
Sufuria ya rangi inachemka,
ukindu umelazwa juani, kijani huku, zambarau kule,
na mikono yake, hadi kwenye viwiko,
imekuwa ya mtu mwingine.
Akaipitisha kamba vidoleni, fundo kwa fundo.
"Hili dogo ni la nini?"
"Ukuta umepinda."
"Basi na mkeka utapinda," akasema,
akaitundika kamba msumarini.

Wiki tatu. Ukili juu ya ukili,
sindano ikiingia na kutoka kama inayotafuta kitu.
Ukili wa saba una zambarau mahali pa kijani.
"Siku ile mjukuu alikuwa na homa."
Hakuomba radhi, hakupunguza bei.
Nikalipa.

Utakufa, najua.
Miaka mitano, sita tukiuota jua na kuukung'uta vizuri.
Utamenyeka pembeni kwanza, pale watoto wanapokaa,
kisha nitautandaza chini ya migomba
na mvua itamalizia kazi.

Abdalkerim akarudi na lori lake kutoka Juba usiku wa manane,
akawasha taa, akasimama mlangoni.
"Simba wako wapi?"
Nikasema wamebaki dukani,
hawafi, watakungoja.
Hakuona cha kuchekesha.
Mkeka ni wa msibani, akanung'unika,
mgeni wa maana nitamkalisha wapi,
watu watasema lori linarudi tupu.
Siku mbili alipita ukutani ukutani, kama aliyeogopa kulowa.

Jumapili, baada ya ugali na samaki,
mvua ikapiga bati, ukindu ukatoa ile harufu yake ya bondeni,
na Sebit alikuwa keshalala.
Mzee wangu akaketi kidogo. Akaegemea kiwiko.
Nilipogeuka na vyombo
alikuwa anakoroma, mdomo wazi, soksi moja mguuni.

Aliamka akitaka chai, na sukari imekwisha.
Akatoka hivyohivyo kwenda dukani,
shavu la kulia limechapwa mistari, mshazari juu ya mshazari,
ukili wa saba wote, na kosa lake.
Sikumwambia.