Mvumo wa Kushoto

Tauno alikuja amekikumbatia kikuza-sauti chake cha awali,
kimefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa,
theluji mabegani. Buti akazivua mlangoni
bila kuambiwa. Miaka kumi na mmoja
hajakanyaga jiko hili.
"Kinavuma," akasema. "Upande wa kushoto.
Na mtu pekee ninayemjua Kajaani nzima..."
Hakumaliza. Nikaondoa vikombe mezani.

Kwanza nilihakikisha hakina umeme.
Watu hudhani umeme huondoka na plagi.
Kapasita huweka kinyongo:
volti mia tatu, kimya, ndani ya kikopo cha bati,
zikimngoja mwenye kidole cha haraka.
Nikazimwaga kupitia rezista, mkono mmoja mfukoni,
kama alivyonifunza fundi Hilppa wa kiwanda cha karatasi,
aliyebakiwa na vidole tisa vya kutolea mfano.

Ndipo nikakiwasha. Valvu nne zikaiva polepole,
rangi ya kaa chini ya majivu,
na spika ya kushoto ikaanza kusema.
Si mvumo mtupu. Chini yake kulikuwa na mchakacho,
vitunguu vikikaangwa chumba cha pili,
na mara moja moja, pa!
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nilizigonga kwa penseli, moja baada ya moja.
Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Ya tatu ililia kama bilauri.
Tauno akashtuka. "Hiyo?"
"Subiri. Kulia si kukiri."

Sheria ni hii, na sijaona iliyo bora:
zibadilishe. Ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto.
Kelele ikihama na valvu, mkosaji ni valvu.
Kelele ikibaki pale pale, kosa ni la nyumba:
soketi iliyolegea, rezista iliyochoka, risasi yenye ufa.
Nilimweleza haya huku napangusa pini kwa spiriti,
naye akatazama dirishani,
ambako hakukuwa na kitu ila giza la saa kumi alasiri.

Sisi tulishafanya jaribio hilo.
Yeye akahamia Oulu hadi alipostaafu, mimi nikabaki.
Sikuwahi kumuuliza kama kelele ilimfuata.
Kwangu ilikoma theluji ilipoyeyuka,
nikadhani huo ni ushahidi.
Sasa nina umri wa kujua
kwamba nyumba tupu hainyamazi, imezimwa tu.

Kelele ilihama. Ilikwenda kulia pamoja na ile ya tatu.
Nikazima, nikaichomoa kwa kitambaa, ingali moto,
nikaiinua kwenye taa. Kileleni,
panapopaswa kung'aa fedha kama kioo,
doa limepauka, kingo zake maziwa.
Hewa imeingia. Tundu la sindano, pengine la miaka.
Na ubavuni, kwa wino usiofutika, mwandiko wangu:
tarehe, na herufi mbili za majina yetu.

Nilikuwa nimesahau. Nilimnunulia mimi,
jozi, kutoka Saratov, kwa mshahara wangu wa kwanza.
"Ulijua," nikasema.
"Nilijua ni ya kushoto," akasema.

Mpya ilitoka kwenye kopo langu la biskuti.
Niliisukuma taratibu, nisipinde pini,
tukangoja ipate joto. Kimya.
Kimya kipana,
uwanja wa theluji kabla mbwa hajatolewa nje.
Kisha, mwembamba, mvumo.
Tauno akafumba macho.
Nikakagua waya wa ardhi, nikatenganisha nyaya,
nikamlaani aliyechora saketi na waliomzaa,
mpaka mkono wangu ulipogusa friji.

Tukaichomoa. Tukakaa,
wala hatukuweka santuri yoyote.

Asubuhi siagi ilikuwa laini,
maji yametambaa hadi chini ya kiti chake,
na ile valvu mbovu
haikuwa mezani.