Nzi wa Manyoya ya Mostyn

Alhamisi lori lilipanda kutoka bondeni
na tangi lake la maji,
likamwaga trauti mia mbili katika bwawa la Hafod Grug.
Jumamosi tukapanda nasi, njia ileile,
wanne garini, watano kwa mazoea:
hadi leo hakuna anayekaa nyuma kushoto,
pale blanketi lilipo na tundu la meno.

Kibandani, Bwana Garmon akatukatia tiketi.
Samaki wanne kwa familia, basi.
Ndoana zisiwe na vinyoo. Mbwa wafungwe kamba.
"Mbwa hatuna," akasema Ithel, upesi mno,
na Lleucu akageukia dirisha
kana kwamba mvua imemwita jina.

Mvua ya Wales hainyeshi ikaisha.
Inakaa hewani tu, kama mgeni
aliyesahau kilichomleta.
Mvua, kuvua, kutovua koti:
siku nzima ilikuwa neno moja.

Ithel alirusha kwa kanuni alizozisoma kipupwe chote:
mkono toka saa nne hadi saa nane,
mshipi ni ulimi, uache umalize kusema.
Ukamalizia kwenye kofia yangu.
Kisha kwenye uzio.
Kisha kondoo mmoja akaamua kuhama.

Cadog, miaka sita, aliuliza kama samaki
wanajua leo ni Jumamosi.
Aliuliza kama walilia ndani ya lori.
Akala mkate wake wa jibini, na wa babake.

Adhuhuri Ithel akapata mmoja,
waridi limempita ubavuni,
mapezi yamesagika kwa kuta za saruji
za kule alikolelewa.
Kuna kirungu kifupi ambacho wavuvi wa huku
hukiita kasisi, maana ndicho kisomacho sala ya mwisho.
Cadog akafumba macho, akafumbua moja.
Mapigo mawili.
Nikawaza: huyu tuna risiti yake,
kama viazi.

Lleucu hakuwa amesema neno tangu kibandani.
Akafungua kikopo cha peremende,
akamtoa nzi aliyemfunga mwenyewe mezani jikoni:
uzi mwekundu wa kikapu changu cha kushonea,
na kiwiliwili, nilichokijua kabla sijakiona vizuri,
manyoya ya kahawia yenye mvi,
yaliyobaki kwenye brashi tangu Novemba.

Sikumwuliza. Ithel naye
akashughulika na fundo lisilo na tatizo.

Akarusha vibaya.
Nzi akatua vile alivyokuwa akitua Mostyn kwenye kochi,
pu, bila kuomba radhi.
Na maji yakafunguka.

Ufito ukapinda, gurudumu la mshipi likalia,
sote tukawa makocha: mwachie! mvute! mwachie!
Akaruka mara moja tu, tukamwona mzima,
mkubwa, mweusi mgongoni, mapezi kamili,
mmoja wa wale waliokwepa kasisi miaka kadhaa
hata bwawa likawa lao.
Kisha ufito ukanyooka.

Nilikuwa na leso tayari.
Lakini Lleucu alisimama vilevile, mkono bado juu,
kama mtu anayemuaga wa kwenye treni.
"Amekwenda naye," akasema.
"Mostyn alipenda maji," akasema Cadog, mdomo umejaa.
Ndipo tukacheka, kicheko kibaya chenye kamasi,
hadi Bwana Garmon akachungulia nje.

Samaki watatu wa haki yetu tuliwaacha humo.
Tulipokuwa tukikunja vyavu Ithel aliniinamia:
ndoana haina kinyoo, unajua,
samaki ataitema kabla ya giza.
Nikamwambia, hilo lifie hapa.

Njiani usingizi ulimchukua Cadog,
ukamlaza taratibu, taratibu, upande wa kushoto,
shavu juu ya tundu la meno.
Lleucu alimtazama.
Akamfunika.