Risiti ya Elfu Tano

Risiti yenyewe ni hii. Imekunjwa mara nne,
inanukia hiliki kwa kukaa koponi miaka sita.
Wino umefifia, lakini bado yasomeka:
*Zimepokewa kwa Bi Mwanamize Sudi
shilingi elfu tano, malipo ya ushauri.*
Basi. Hakuna kilo, hakuna mita.

Elfu tano, nami muuza mahamri!
Ni mahamri mia tano hayo,
unga wa kukandwa kabla ya adhana, mikono hadi viwikoni.
Shemeji Athman alicheka mpaka akakohoa:
"Umlipe mtu akwambie usinunue?
Si ungeniuliza mimi, nikakwambia bure?"
Na ni yeye aliyeniletea dalali.

Nyumba ilikuwa Majengo: vyumba sita, ukumbi katikati,
uani kisima, mlango wa mvule.
Dalali Twahiri aliupigapiga ukuta
kama mtu apigaye mgongo wa ng'ombe wa kuuza.
"Mama, ukiikosa leo, kesho utaisikia kwa jirani."
Pesa n'nazo: kiinua mgongo cha marehemu,
miaka ishirini na miwili bandarini, na bega moja lililolegea.

Sijui kilichonipandisha ngazi zile za barabara ya Nkrumah.
Labda ni haraka ya Twahiri.
Ghorofa ya pili, feni yalia ki, ki, ki,
na msichana makamo ya binti yangu, kalamu nyuma ya sikio:
Wakili Mghoi.
Hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi.
Aliuliza, "Ardhi ni ya nani?"
Nikamjibu nyumba ni ya muuzaji.
"Ya nyumba nimeyasikia, mama. Nauliza ardhi."

Hapa Mombasa twajua, na twajifanya hatujui:
kuta zaweza kuwa zako, mchanga wa chini ukawa wa mwingine.
Walipa kodi ya kiwanja kwa mzee mwenye daftari,
mnaulizana hali, mwapeana pole za misiba,
hata siku mzee afe
na daftari lirithiwe na watu wasiolijua jina lako.

Siku tatu alipekua ofisi ya ardhi.
Ndugu wanne wanashtakiana, benki moja inadai,
na zuio la mahakama tangu mwaka juzi.
"Usinunue. Wala usitie sahihi popote,
hata pa kushuhudia."
Akachana risiti kitabuni, akanipa.

Nilishuka ngazi zile nikifoka peke yangu.
Nilikwenda kutafuta mlango, nikauziwa ukuta.

Aliyenunua ni Nyevu, wa viazi karai.
Meza yake na yangu, hatua kumi.
Alikuja kunionyesha ufunguo, umefungwa kwa utepe.
Nikamwambia hongera.
Neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza na chai.
Nilijiambia: ataniona n'na kijicho.
Nilijiambia pia, Mungu anisamehe:
hili nimelilipia, ni langu.

Mwaka wa pili ikachorwa eksi nyekundu mlangoni.
Kitanda chake kilikuwa barabarani, kabati la vyombo,
na lile karai, limefunikwa juu ya godoro
kana kwamba limelala.
Hakunilaumu. Hakujua kuna la kulaumu.

Siku hizi mteja akitaja kiwanja,
au mkataba, au "karatasi ndogo tu ya kusaini",
nalishusha kopo.
Muulize ardhi ni ya nani, namwambia,
kisha panda ngazi, ghorofa ya pili, utaisikia feni.
Wengine hucheka. Nawaongezea hamri la bure
wasiondoke kabla sijamaliza.

Nyevu amehamia Mtopanga.
Kila Idi huniletea chupa ya achari ya ndimu,
tukakaa, tukala, akaniuliza magoti yangu.
Kopo li juu ya rafu, mbele ya macho yake.
Bado sijamfungulia.